Maji ya Lusewa

Nilitaka kuwa sista. Naliandika mapema na kwa ufupi ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma, maana kwa miaka thelathini nimekuwa nikisema kinyume chake. Chuo kikuu, na baadaye kazini, kisa cha mimi kukaribia kuvaa shela nimekisimulia mara nyingi, kwenye sherehe na kwenye foleni za benki, na kila mara mwenye kosa alikuwa mama: mama alinisukuma, mama aliweka nadhiri, mama alininunulia ndoo. Watu walicheka, na mimi nikatoka humo kama msichana mwerevu aliyeponea chupuchupu. Mama alipata kunisikia nikikisimulia hivyo, akaendelea kumenya viazi. Sasa hayupo, na nimefika umri ambao kumsingizia marehemu kunanipa kiungulia. Ndoo ni kweli alinunua, na nadhiri aliweka. Mengine nilitaka mwenyewe.

Nilitaka kwa sababu ya maji. Nilizaliwa Lusewa, upande wa Namtumbo, wakati wa kukausha tumbaku. Baba alikuwa kwenye bani, banda la kukaushia, akichochea moto, mama yuko ndani na mkunga. Mkunga alikuwa jirani, mwanamke wa Kiyao, Mwislamu, aliyezalisha nusu ya watoto wa pale bila kuuliza kama wataelekea kanisani au msikitini. Nilitoka kimya. Rangi yangu, kwa maneno ya mama, ilikuwa ya jani la tumbaku la daraja la mwisho. Mama alikuwa anavuja damu na macho yanaingia giza, lakini alikumbuka alichofundishwa kwenye katekisimu: mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji na kutamka maneno yanayotakiwa. Akamfundisha yule mkunga maneno, akamsihi anibatize, akazimia. Alichokumbuka baada ya hapo ni sauti ya maji, na mimi nikilia.

"Maji yalipokugusa tu," alikuwa akisema, "ukapiga kelele." Na palepale kitandani akanitoa kwa Mungu.

Nilikua na hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyokua na kovu. Tulihamia Matogoro, pembeni ya mji wa Songea, nikiwa na miaka minne, na nyumbani kwetu mgeni alisimuliwa kuzaliwa kwangu kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha togwa. Wadogo zangu walizaliwa hospitali, wakalia kama kawaida, na hakuna aliyetarajia kitu kutoka kwao. Mimi nilikuwa mtoto wa maji. Sikuwa na sifa nyingine. Hesabu zilinishinda, kwaya iliniomba kwa upole nisimame nyuma, na matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, baba aliyasoma, akayakunja, akauliza kama mbolea imeshafika. Ukiwa na miaka kumi na minane na huna kingine cha kujivunia, kujua kwamba Mungu aliwahi kushughulika na wewe peke yako, kwenye kibanda cha Lusewa, si jambo dogo. Niliona deni la shukrani litalipika kwa shela tu, na kusema kweli nilishajiona nimeivaa. Ilinipendeza.

Barua kwa masista niliandika mwenyewe. Walijibu kwa orodha: shuka mbili nyeupe, ndoo, jembe, sahani ya bati, viatu vyeusi visivyo na kisigino, na cheti cha ubatizo. Nifike mwezi wa sita. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na vyote isipokuwa cha mwisho.

Padri wetu alikuwa mzee Mngoni aliyepiga taipu kwa kidole kimoja na kusoma vitabu vya parokia kwa rula, mstari kwa mstari. Alishuka na rula yake mwaka wangu wa kuzaliwa, akapanda nayo, akashuka tena. Sikuwamo, na jibu aliloomba upande wa Namtumbo lilikuwa hilohilo. Katekista aliyeniandikisha Komunyo ya Kwanza alikuwa ameridhika na neno la mama, na mama hakuwahi kunipeleka niandikwe popote, kwa kuwa aliamini nimeshaandikwa mbinguni.

"Mama," padri akasema, "wewe uliona maji yakimwagwa?"

"Nilisikia, Padri."

"Nauliza kuona."

"Nilikuwa nimezimia."

"Ulizimia, ukasikia?"

"Masikio hayakuzimia, Padri."

Padri hakucheka. Alieleza kwamba ubatizo haurudiwi, lakini pia haukisiwi. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, apatikane mkunga, na yeye padri asikie kwa masikio yake kama maji yalimwagwa na maneno yalisemwa. Ya pili, anibatize kwa sharti, yaani aseme: kama hujabatizwa, mimi nakubatiza.

Mama akasimama. "Kama?" alisema. "Mtoto wangu hana kama, Padri. Kama ningekuwa na kama, angekuwa kaburini Lusewa."

Basi ikawa mkunga atafutwe. Habari tulizokuwa nazo ni kwamba aliondoka Lusewa zamani, akamfuata mwanawe Tunduru. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua imeshika, barabara ya Tunduru inameza magari. Mama alirudi nyumbani akiwa na uhakika uleule aliokwenda nao. Mimi nilirudi na lile neno dogo la padri.

Kama. Kama nimebatizwa, nimeitwa, na mwezi wa sita naenda. Kama sijabatizwa, basi miaka yote hii nimekuwa nikipokea Komunyo isiyo yangu, na ile sauti niliyokuwa nikiisikia wakati wa sala ilikuwa sauti ya nani? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Nilipiga magoti, nikajikuta sijui nianzie wapi, kama mtu aliyefika kwenye nyumba anayoijua akakuta mlango umehamishwa.

Kuchanganyikiwa kwangu kulipata mji wa kukaa. Songea ya katikati ya miaka ya tisini ilikuwa imefunguliwa milango yote kwa pamoja. Mji uliokuwa na aina moja ya sabuni, na hiyo kwa foleni, sasa ulikuwa na sabuni za rangi ya waridi na za kijani, mitumba ya kumwaga, mabanda ya video, redio za kaseti kila kibaraza. Na dini hivyohivyo. Tuliokua tukijua Wakatoliki wengi, Waislamu jirani na Waanglikana wachache, tulikuta uwanjani hema lenye jenereta, spika mbili ndefu kuliko mhubiri, na kinanda kinachopiga ngoma chenyewe. Mtu aliyekuwa na hakika angepita tu. Mimi nilisimama kuangalia kila bidhaa.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mwislamu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulimaliza shule pamoja, na sasa alimsaidia mama yake kuuza mitumba sokoni. Nilipomweleza yaliyotokea kwa padri alifikiri kidogo huku akikunja suruali.

"Kwa hiyo wewe sasa hivi huna dini?"

"Sijui."

"Sasa mbona unaogopa? Mkunga aliyekushika kwanza Mwislamu. Wewe wetu."

"Usiniletee."

"Wetu kabisa. Tulikukopesha tu kwa mapadri." Kisha akarudi kwenye suruali zake. Nilimuuliza kama yeye hajawahi kuwa na shaka. "Mimi?" alisema. "Mimi nina kazi, mwenzangu."

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma zilianza zikipishana siku chache tu, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani lingeweza kufanywa na mtu wa mji kama wetu tu. Kwa kuwa sikujua ni mfungo upi unanihusu, nilifunga yote miwili.

Nyumbani desturi yetu ya Kwaresma ilikuwa kuacha chakula cha mchana, na Ijumaa kutogusa nyama. Kwa rafiki yangu ilikuwa kutokula wala kunywa mpaka jua lizame. Nilipanga hivi: niamke na daku la kificho, kipande cha muhogo chini ya mto, nishinde bila maji kwa ajili ya upande mmoja na bila chakula cha mchana kwa ajili ya upande wa pili, magharibi niende kufuturu kwa rafiki yangu, kisha nirudi nyumbani nile chakula cha usiku na familia, ili mama asishtuke. Ni mtu aliyeshindwa hesabu tu ndiye asingeona kwamba kwa mpango huo nilikuwa nakula mara tatu. Nilinenepa.

Lakini mchana nilikuwa hoi, na unyonge wangu ulionekana. Mama aliona midomo mikavu akamwambia jirani kwamba mtoto wake ameshaanza utawa kabla ya utawa. Mama wa rafiki yangu aliona vilevile akaanza kuniita "mwanangu" kwa namna mpya, ya matumaini. Na fundi cherehani aliyekuwa na kibanda pembeni ya soko, dada mmoja mlokole mwenye sauti ya kubembeleza, alinishika mkono akaniambia, "Nakuona uko kwenye maombi makavu, mdogo wangu. Bwana anakuandaa." Watu watatu walikuwa wakisubiri matunda ya njaa moja, na mwenye njaa hajui anamfungia nani.

Ijumaa ya tatu mpango ukanigeukia. Jua limezama, tumekaa mkekani kwa rafiki yangu, mbele yangu kuna tende, uji, magimbi, na katikati bakuli la supu ya mbuzi. Ijumaa ya Kwaresma.

"Kula, mwanangu," mama yake akasema, akinisogezea mfupa wenye nyama ya heshima. "Umeshinda njaa mchana kutwa."

"Tumbo, mama. Tumbo linanisumbua."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Tumbo la Ijumaa hilo," rafiki yangu akanong'ona. "Jumamosi litapona."

Mama yake alisikia. Aliuondoa ule mfupa polepole, akaniwekea gimbi. "Binti yangu," alisema, "Mungu hajakutuma ujitese huku na huku. Chagua pa kukaa, ukae." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana ilichoma. Magimbi niliyala, na sikurudi tena kufuturu. Lakini nyumbani nako nilimkuta mama ameniwekea samaki, amejinyima kipande chake kwa ajili ya mtawa wake, nikaona nimeiba pande zote mbili.

Pa kukaa. Nilijaribu hema. Jumapili jioni nilisimama nyuma kabisa, karibu na jenereta ili nikionwa niseme nilikuwa nikiangalia mashine. Mhubiri alisema maji ya kichanga kichwani si ubatizo, ubatizo ni kuzama. Ambao hawajazama wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu mpaka usawa wa sikio, nikapata woga, nikajikuna. Yule dada fundi alikuwa ameshaniona. Akaniandika kwenye daftari lake la vipimo, chini ya mtu wa suruali kiuno thelathini na nne, kwamba Jumamosi nizamishwe.

Jumamosi nilikwenda. Mto unaoshuka kutoka milima ya Matogoro ni mdogo na una baridi ya kukata. Tulikuwa kama kumi na tano kwenye foleni, tumevaa kaniki, tunatetemeka na kuimba. Watu waliingia wakitetemeka, wakatoka wakilia kwa furaha, na furaha yao haikuwa ya kuigiza. Niliiangalia kwa wivu. Mbele yangu walibaki wawili, na maji yalishanifika magotini. Nikaanza kufikiri. Kama maji ya Lusewa yalishika, hiki ninachokwenda kufanya ni kumwita mama yangu mwongo mbele ya Mungu. Kama hayakushika, basi nijue kwanza mimi ni nani ndipo nizame. Nani huyo wanayekwenda kumzamisha? Akabaki mmoja. Nilimwambia dada fundi nimesahau kitu nyumbani.

"Kitu gani?" aliuliza.

Niliondoka na kaniki yake mwilini, miguu imelowa mpaka magotini. Nimebatizwa mpaka magotini, nikimhesabia Mungu haki zake. Kaniki niliirudisha Jumatatu ikiwa imefuliwa na kukunjwa, na yule dada aliipokea bila neno la lawama, akaniuliza tu kama sijapata mafua.

Baada ya hapo sikujaribu tena. Sikuwa na haja ya dini ya nne. Nilikuwa na haja ya mtu mmoja aliyeshika maji. Rafiki yangu alikuwa na kaka yake Tunduru, dalali wa mawe ya thamani, mmoja wa vijana walioacha mashamba mara tu habari za vito zilipoenea. Tuliandika barua, tukampa kondakta wa basi, basi likalala njiani siku mbili kwenye tope. Pasaka ilipita. Idi ilikuwa imeshapita. Jibu lilikuja mwezi wa tano, kwenye karatasi ya daftari: bibi amepatikana, yu hai, anasikia vizuri kuliko kijana. Mwanawe ana duka lenye simu. Jumamosi saa kumi jioni atapiga simu parokiani.

Simu ya padri ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye duara la namba ilikuwa na kufuli dogo. Nilikuwa ofisini tangu saa tisa na nusu. Mama alikataa kuingia. Alisema yeye anajua, sisi ndio tunaotaka kujua, akakaa kwenye benchi la nje na rozari yake. Mlango ulikuwa wazi, niliona bega lake na kilemba.

Kwa wasomaji wangu waliofika hapa wakisubiri nisingizie mama: hakuna mtu aliyenishikia kisu saa hiyo. Nilitaka bibi aseme aliyatamka yale maneno. Miezi mitatu ya kutojua ilikuwa imenichosha hata nikaamua kwamba akisema "ndiyo" sitauliza lolote tena maisha yangu yote. Nitavaa viatu vyangu visivyo na kisigino, nibebe ndoo, niende.

Saa kumi na robo simu ikaita. Padri akapokea, akaongea na opareta, akaongea na mwenye duka, kisha akanipa mkono wa simu. "Anakutaka wewe kwanza," alisema. "Halafu utanipa."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe?" Sauti ilikuwa kubwa, imejaa mikwaruzo na kicheko. "Kumbe umekua! Alhamdulillahi. Nilikuacha una miaka minne, unakula udongo. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi. Yuko nje hapa."

"Na huyo aliyepokea ndiye padri?"

"Ndiye."

"Mwanangu amenisomea barua yenu. Wanataka kukuweka utawani. Nani anataka? Mama yako?"

Padri alikuwa anaangalia rula yake. Nje shanga za mama zilikuwa zikigongana.

"Mimi, bibi," nikasema. "Ninayetaka ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya maji. Nilikuwa nimekufa, ukanimwagia maji kwa maneno ya mama, nikalia."

Nilisikia duka la Tunduru: mtu anauliza bei ya betri, mtoto anakohoa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema, na sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. "Usirudie kwa sauti ninayokwambia. Ulilia kabla. Nilikushika miguu nikakuchapa makalio, ukalia, ndipo nikachota maji nikuoshe. Maji ya kuoshea mtoto. Yale maneno mama yako alinifundisha, na mimi nikayaogopa. Mimi Mwislamu, nitayatamkaje nisiende motoni? Nikasema Bismillahi, kama ninavyosema kwa kila mtoto. Mama yako akafumbua macho akaniuliza, umesema? Nikamwambia nimesema. Damu ilikuwa imejaa mpaka sakafuni. Nilijua akisikia hapana, anakwenda."

Padri akainua kichwa.

"Nimeubeba uongo huo miaka yote," bibi akasema. "Sasa huyo padri wako ananitaka niseme. Nimesimama hapa tangu mchana sijui nitasema nini. Nikitaka nitasema nilisema, Mungu atanijua. Mama yako nilimdanganya kwa kuwa angekufa. Wewe nikisema kweli, utakufa?"

Nilitazama mlangoni. Mama alikuwa amegeuza shingo kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilitafuta ndani yangu yule mtoto wa maji, aliyenilea, aliyenifanya nisimame mbele za watu pamoja na alama zangu zote mbaya, na nikaona hayupo, na mimi bado nimeshika simu.

"Hapana, bibi," nikasema. "Sitakufa."

"Basi mpe padri simu."

Nikampa.